Ruta Yako Mwenyewe Inapogoma Kigoma: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Laini ilikuwa inakimbia vizuri kwenye ruta ya kukodi. Umenunua ya kwako, umehamisha laini, taa zimewaka, intaneti hakuna. Hapo ndipo watu wengi hurudi dukani wakidai wameuziwa ubovu. Mara nyingi ruta ni nzima. Ile ya kukodi ilikuja ikiwa imeandaliwa: bendi zake (masafa ya mawimbi) zinaoana na minara ya kampuni, APN (jina la mlango wa intaneti wa kampuni) imeshajazwa, na IMEI yake (namba ya utambulisho wa kifaa) imeandikwa pamoja na laini kwenye mfumo wao. Ukileta ya kwako, maandalizi hayo yanakuangukia wewe, na ulilolisahau ndilo litakalojitokeza kama ugonjwa.

Kwa hapa Kigoma tunaongelea zaidi ruta ya laini ya 4G, maana ndiyo iliyojaa majumbani na madukani. Faiba haijafika kila mtaa, nayo ina sehemu yake huko chini.

ANZA NA SIMU

Toa laini kwenye ruta, itie kwenye simu ya 4G, simama palepale ruta inapokaa, zima waifai ya simu, kisha fungua tovuti yoyote. Simu nayo ikikosa intaneti, ruta haina kosa: angalia bando, usajili wa laini au mnara. Simu ikifanya kazi vizuri, kosa liko kwenye ruta au mipangilio yake.

Kuna jambo moja linaloweza kukupotosha hapa. Baadhi ya laini za vifurushi vya nyumbani hufungwa kwenye IMEI ya ruta iliyokuja nazo, hivyo zikitiwa kwenye simu zinagoma ingawa hazina ubovu wowote. Ukishuku hivyo, fanya kinyume: chukua laini ya kawaida ya simu yenye bando, itie kwenye ruta mpya. Ikipata intaneti, ruta imepona na kesi ni ya laini.

Kipimo cha pili: unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao. Kwa waya inakimbia na kwa waifai inasuasua? Basi achana na minara, tatizo lako ni la mawimbi ya ndani ya nyumba.

Katika vipimo vyote, badili kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha laini, adapta na mahali kwa pamoja, hata kikipona hutajua nini kimeponya, na kesho kikiugua tena unaanza sifuri.

Ili kufungua ukurasa wa mipangilio, tazama kibandiko chini ya ruta. Anwani huwa 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zima data ya simu kwanza. Simu ikiona waifai haina intaneti hurukia data yake yenyewe kimyakimya, kisha ukurasa haufunguki na unaanza kulilaumu nenosiri.

MODEMU YENYE TUNDU LA SKRUBU

Hii tuimalize haraka. Ndugu aliyeko Marekani anaweza kukutumia modemu nzuri kabisa, imeandikwa DOCSIS 3.0 au 3.1, ina tundu la kufunga waya kwa kuzungusha kama la kisimbuzi. Huko, kampuni za televisheni ya kebo hupitisha intaneti kwenye waya huohuo, na kununua modemu yako badala ya kulipa kodi kila mwezi ni jambo la kawaida. Hapa waya unaofanana na huo unatoka kwenye dishi, na dishi hilo linapokea picha tu. Ukiunga modemu hiyo kwenye dishi, taa moja itapepesa hadi uchoke. Hakuna mpangilio wa kuibadilisha, iuze au irudishe.

Ruta ya 4G kutoka Marekani ni kisa kingine: inaweza kuwaka na kusoma laini lakini isione mnara. Nyingi zimetengenezwa kwa bendi 2, 4, 12, 13, 66 na 71. Minara ya kwetu inatumia bendi kama 3 (megahezi 1800), 20 (800), 28 (700) na 40 (2300), kila kampuni na zake. Kabla ya kulipa, tafuta orodha ya bendi kwenye boksi au kibandiko na uilinganishe na bendi za kampuni unayotumia. Ruta iliyoandikwa 4G tu bila kutaja bendi, muuzaji naye hajui, usinunue kwa kubahatisha. Ukiwa unaishi nje ya mji, tuseme njia ya Uvinza au vijiji vya Kasulu, sisitiza iwe na 20 na 28. Hizo ndizo zinazokwenda mbali na kupenya ukuta. Bendi 3 na 40 zina kasi lakini huchoka mapema njiani.

HAIWAKI, AU INAWAKA NA KUJIZIMA

Taa zote zinawaka, baada ya sekunde chache zinazima, zinawaka tena. Mtindo huu ukiuona, shika adapta kabla ya kitu kingine. Ruta nyingi za mezani hutaka volti 12, ampea 1 au zaidi. Adapta iliyookotwa kwenye kisimbuzi cha zamani inaweza kutoa volti 12 zilezile lakini ampea 0.5 tu. Inatosha kuwasha taa, ila ruta inapoanza kurusha mawimbi kwenda mnarani hunywa umeme zaidi, volti zinaanguka, inajizima. Ndiyo maana huwa inakufa pale hasa inapokaribia kushika mtandao, na mtu anadhani laini ndiyo inayoiua.

Soma kibandiko cha adapta mistari miwili. Palipoandikwa OUTPUT, volti lazima ziwe zilezile za ruta; ampea zikizidi hazina madhara, zikipungua ndiyo taabu. Palipoandikwa INPUT pawe na 100-240V. Ya Marekani iliyoandikwa 120V peke yake ukiichomeka kwenye soketi ya volti 230 italia mara moja, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Angalia na alama ya ncha: duara lenye chanya katikati kwa ruta nyingi. Ncha zenyewe pia hudanganya. Ya milimita 5.5 kwa 2.1 na ya 5.5 kwa 2.5 zinafanana machoni, lakini ile pana zaidi inacheza ndani ya tundu, na ukigusa meza ruta inazima.

Umeme wa huku una tabia zake. Mkoa uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na hadi leo fundi yeyote wa eneo la Mwanga hapa mjini ana sanduku la adapta zilizoungua. Umeme mdogo wa jioni si adui mkubwa: adapta ya 100-240V huvumilia hata volti zikishuka hadi 160. Kinachoua ni ule mshtuko umeme unaporudi. Umeme ukikatika chomoa adapta, ukirudi subiri dakika tano ndipo urudishe. Kama hupo nyumbani mchana kutwa, tumia kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha umeme; kwa ruta kinafaa vilevile.

Wenye sola wana kosa lao. Betri ya volti 12 inapochajiwa na jua la saa sita hufika volti 14.4, na ruta iliyotengenezwa kwa 12 inachemka polepole hadi siku moja isiwake. Weka kidhibiti cha kutoa volti 12 kamili kati ya betri na ruta. Hesabu ya muda ni rahisi: betri ya volti 12, Ah 7, inabeba wati-saa 84. Usiikamue zaidi ya nusu, zinabaki 42. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tano na ushee.

LAINI HAISOMI

Ukurasa unasema hakuna laini. Tazama trei. Laini ndogo ya kisasa ina upana wa milimita 8.8 na urefu wa 12.3, na ruta nyingi zina tundu la laini kubwa zaidi, hivyo watu hutumia fremu ya plastiki. Fremu isiyo na gundi nyuma huiachia laini ishuke kidogo, na pini za ruta hukwaruza pembeni ya dhahabu badala ya juu yake. Wengine hutia laini ndogo bila fremu. Hiyo huingia ndani na kunasa, na ukiilazimisha kutoka unang'oa pini. Nenda kwa wakala, omba laini iliyokatwa kwa ukubwa wa trei yako. Usikate mwenyewe kwa mkasi.

Inasema inataka PIN? Ukikosea mara tatu, itataka PUK, namba ya kuifungua laini iliyojifunga. PUK una nafasi kumi, baada ya hapo laini imekufa na utakwenda kuirudisha dukani kwa kitambulisho na alama za vidole.

Inasema laini si halali, au inaomba namba ya kufungulia? Ruta imefungwa kwenye kampuni nyingine. Hili hutokea sana kwa ruta za mtumba: mtu aliipata kwa bei nafuu akiwa na kifurushi, ameiuza, wewe unatia laini ya kampuni tofauti. Namba ya kufungulia hutolewa na kampuni iliyoifunga, au fundi anayejua kazi. Usijaribu namba za kubuni. Baadhi ya ruta hutoa nafasi kumi tu, zikiisha hata namba sahihi haipokelewi.

Hata ikifunguliwa, bado ndani mnaweza kuwa na programu ya kampuni ile ya kwanza. Utaijua kwa nembo kwenye ukurasa na kwa sehemu ya APN ambayo ni ya kijivu, haiandikiki. Hapo kuifungua ruta peke yake hakutoshi. Inabidi kubadilisha programu nzima, na kazi hiyo haifanywi umeme ukiwa wa mashaka. Umeme ukikatika katikati, ruta inageuka tofali. Ifanye ikiwa kwenye betri, au usiifanye.

Kuhusu IMEI: ruta ya bandia yenye IMEI ya sifuri tupu au iliyonakiliwa kutoka kifaa kingine inaweza kukataliwa na mtandao. Simu bandia zilizimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na mfumo uliozizima unatazama IMEI, haujali kama kifaa ni simu au ruta. Akitokea fundi wa kukuahidi kubadilisha IMEI ili laini iliyofungwa ikubali, mkatalie. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalihesabu hilo kuwa kosa. Njia halali ni kwenda kwa kampuni na ruta mkononi, waisajili IMEI mpya kwenye laini yako. Ukiwa hapo, piga *106# uone laini iko kwa jina la nani. Ikiwa kwa jina la aliyekukodisha ruta, hata ukilipa bando kila mwezi laini si yako.

INASOMA MTANDAO, INTANETI HAKUNA

Pau za mtandao zimejaa, jina la kampuni linaonekana, kurasa hazifunguki. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Bando kwanza. Ujumbe wa kuisha kwa bando unaingia kwenye laini, na laini iko ndani ya ruta, kwa hiyo ujumbe umelala humo. Fungua sehemu ya SMS kwenye ukurasa wa ruta, utaukuta. Angalia pia aina ya bando: la usiku halifungui mchana, na la mitandao ya kijamii litafungua WhatsApp na kukuacha mbele ya tovuti isiyofunguka. Hii ya pili inafanana mno na ugonjwa wa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba), tutakaoufikia.

Kisha APN. Itazame kwenye simu ambayo laini hiyohiyo inafanya kazi, iandike herufi kwa herufi, uihamishie kwenye ruta. Nafasi tupu mwishoni mwa neno haionekani kwa macho lakini inaharibu. Aina ya anwani iweke IPv4 na IPv6 kwa pamoja. Isipokubali, IPv4 peke yake. Hifadhi, iteue iwe ya msingi, zima ruta na kuwasha. Kutengeneza APN mpya na kusahau kuiteua ni kosa la kila siku.

Tatu, angalia umeshika mtandao wa nani. Kagunga, Manyovu na vijiji vyote vya mpakani, ruta iliyoachwa ichague yenyewe inaweza kudaka mnara wa Burundi. Namba za mtandao za Tanzania huanza na 640, za Burundi 642, za Kongo 630. Ukiona 642, kinachokuzuia ni kwamba uko ugenini. Ingia kwenye uchaguzi wa mtandao, acha wa kujichagulia, teua kampuni yako kwa mkono, na zima ruhusa ya kutumia mtandao wa ugenini kabisa ili salio lisije likayeyuka.

Mwisho DNS. Bando ni la kawaida, WhatsApp inafanya kazi, tovuti hazifunguki. Weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya mtandao wa ndani. Ikiwa tovuti zinalalamika kuwa si salama, tazama tarehe ya kompyuta yako: mashine yenye betri ndogo iliyokufa ikikosa umeme hurudi miaka ya nyuma, na tovuti zote zinaikataa.

MTANDAO DHAIFU

Hapa ndipo pa kutumia muda. Sahau pau, ni mapambo. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta sehemu ya taarifa za kifaa, kuna namba mbili zinazohitajika.

RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara. Ni hasi, na isome kama deni: dogo ni afadhali. Kuanzia -80 kupanda ni safi sana, -90 nzuri, -100 ya kuvumilia, -110 ya shida, -120 ni kukata roho. SINR ni usafi wa mawimbi dhidi ya kelele. Juu ya 20 ni bora, 13 hadi 20 nzuri, chini ya hapo kasi inashuka, na ikiwa chini ya sifuri usitarajie kitu.

Watu hukimbilia RSRP na kuiacha SINR. Lakini -100 yenye SINR 15 itakupa intaneti kuliko -80 yenye SINR 1. Kigoma mjini hili linaonekana kwa sababu ya vilima na ghuba. Nyumba ya mteremkoni inayotazama ziwa inaona minara mingi kwa mara moja, ikiwemo ya ng'ambo ya ghuba, kwa kuwa juu ya maji hakuna cha kuzuia. Ruta inasikia yote kama mtu aliyesimama katikati ya mnada. Pau zimejaa, kasi hakuna. Dawa yake ni kuishusha, kinyume na inavyodhaniwa: ihamishie dirisha la upande wa mlimani, ukuta wenyewe uzibe minara ya ziwani, ibaki ikisikia mmoja. Ruta yenye uwezo wa kufunga bendi, yaani kuilazimisha itumie bendi uliyoichagua tu, itakusaidia pia. Jaribu bendi moja moja na uandike SINR ya kila moja.

Ujiji kuna shauri jingine, miembe. Mti mkubwa wenye majani mengi kati yako na mnara hula mawimbi, na majani yakilowa mvua hula zaidi. Ikiwa mtandao ni mzuri kiangazi na unazorota kuanzia mvua za Oktoba na Novemba, tazama mti kabla ya kulaumu kampuni. Hutakata mwembe wa watu kwa ajili ya intaneti, lakini kusogeza ruta mita tatu pembeni kunaweza kuuepa.

Namna ya kutafuta mahali: chukua waya mrefu wa kuongezea umeme, daftari na simu iliyofungua ukurasa wa ruta. Chagua sehemu nane hivi ndani ya nyumba. Kila sehemu weka ruta, subiri dakika mbili bila kuigusa, andika RSRP na SINR, kisha igeuze robo mduara uandike tena. Mwili wako nao unazuia, kaa kando. Bati ndilo adui mkubwa: ruta iliyowekwa juu ya kabati, shubiri mbili kutoka kwenye bati lisilo na dari, inapata mawimbi mabaya na joto kwa pamoja. Dirishani usawa wa kifua hushinda mara nyingi. Nyavu za chuma za dirisha nazo zinapunguza, grili yenye nafasi pana haina neno.

Usipopata sehemu yenye zaidi ya -105, ndipo ufikirie antena ya nje. Hakikisha ruta ina matundu mawili na antena ina nyaya mbili, uzifunge zote. Kufunga mmoja ni kuinyima ruta njia ya pili, kasi inaweza kushuka hata kuliko mwanzo. Kuna ncha za skrubu zinazoitwa SMA na vidogo vya kubonyeza vinavyoitwa TS9. Haviingiliani, beba ruta dukani. Waya uwe mfupi na mnene. Ule mwembamba wa RG174 hupoteza zaidi ya desibeli 1 kila mita, kwa hiyo mita kumi zake zinakula faida yote ya antena ya desibeli 9 hadi 10 na unabaki umenunua mapambo ya paa. Afadhali mita nne na ruta isogezwe karibu. Ukishafunga, ingia kwenye mipangilio ubadilishe kutoka antena ya ndani kwenda ya nje, ruta nyingine hazigundui zenyewe. Zungushia viungo tepu ya mpira, maji yakiingia kwenye waya yanapanda kama utambi.

Na radi. Kigoma inapiga radi za kweli. Antena isizidi kichwa cha paa, mlingoti uunganishwe na chuma kilichozikwa ardhini, na mawingu yakikusanyika fungua nyaya za antena na uchomoe adapta. Vyote viwili, kwa sababu mshtuko unaweza kuingia kwa njia yoyote.

INAKATA SAA FULANI

Saa yenyewe ni ushahidi. Inakata kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, kisha inatulia? Ni joto. Ruta nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na chini ya bati mchana panazidi hapo. Ishushe, iondoe juu ya kisimbuzi, isimamishe badala ya kuilaza kama umbo lake linaruhusu.

Inakuwa nzito kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, na RSRP haijabadilika? Ni msongamano wa mnara, mtaa mzima umerudi nyumbani. Ruta haina la kufanya ila kujaribu bendi nyingine au mnara mwingine. Pima kasi saa kumi na moja alfajiri. Ikiwa nzuri wakati huo, umeshapata jibu.

Inakata bila saa maalumu, ukizima na kuwasha inarudi? Tazama kama kuna vifaa kumi na tano vimeunganika. Ruta ndogo za kubeba mfukoni hubeba kumi tu na huanza kutapatapa kabla ya hapo. Badili nenosiri, utashangaa idadi ya majirani watakaokusalimia asubuhi.

WAIFAI YA NDANI

Waifai ya gigahezi 2.4 inafika mbali, ya 5 ina kasi na inakwama ukutani. Kwa kuta za tofali za kuchoma, ya 5 inatosha chumba kimoja na nusu. Zitenganishe majina ili ujue umeshika ipi. Kwa 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11. Ukichagua 13, simu iliyotoka Marekani huenda isiione kabisa waifai yako huku simu nyingine zote zikiiona, na mwenye simu ataapa kuwa ruta ni mbovu.

FAIBA

Kwa faiba usikimbilie kubadilisha kile kisanduku kinachopokea waya mwembamba. Kinajulikana kwa kampuni kwa namba yake ya utambulisho, na kingine hakitapokelewa hata kikiwa cha aina ileile hadi wakisajili. Busara ni kukiacha, kisha ruta yako iwe nyuma yake: waya kutoka tundu la LAN la kisanduku kwenda tundu la WAN la ruta, na uzime waifai ya kisanduku.

Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Waya umekunjwa mno au umekatika, ruta yako haihusiki. Kama ukurasa wa kisanduku unaonyesha nguvu ya mwanga, inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm. Ikikaribia -27, mvua au joto kidogo litaiangusha. Ncha ya kijani isiunganishwe na ya bluu, sura zake zimechongwa tofauti na mwanga unapotea hapo. Usichungulie ndani ya waya, mwanga wake hauonekani kwa macho lakini upo.

LOS haiwaki, ruta yako haina intaneti? Uliza kampuni kama wanatumia PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni kwa jina na nenosiri. Wakitumia, utahitaji jina, nenosiri na pengine namba ya VLAN (njia iliyotengwa ndani ya waya huohuo), na MTU (ukubwa wa juu wa kila kipande cha data) iwe 1492. Ikibaki 1500, baadhi ya tovuti hufunguka nusu na kuganda.

KAMERA ZA DUKANI HAZIONEKANI UKIWA MBALI

Angalia anwani ambayo ruta imepewa na mtandao. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya ukuta wa kampuni pamoja na wateja wengine, na kufungua milango ya mtandao (port) kwenye ruta hakutasaidia hata ukikesha. Tumia huduma ya wingu ya kamera yenyewe, ile ya kuskani msimbo kwa simu.

KABLA YA KURUDISHA YA KUKODI

Kaa na zote mbili wiki mbili. Ruta mpya ipite mchana mmoja wa jua kali, mvua moja kubwa, na usiku wa Jumamosi. Ukirudisha ile ya kukodi, irudishe na adapta yake na waya wake, uandikiwe karatasi yenye namba ya kifaa, tarehe na muhuri, la sivyo kodi inaweza kuendelea kuhesabika. Bonyeza RESET kwa sindano sekunde kumi kabla ya kuikabidhi, maana jina na nenosiri la waifai yako bado vimo ndani.